Vita vya mezani: kipimo ni uamuzi wa mchezaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu hoja ambayo haiishi kila inapotajwa michezo ya kuigiza ya mezani, ile inayochezwa kwa dadu, karatasi na penseli, ambayo Dungeons & Dragons ya Marekani ndiyo inayofahamika kuliko yote. Wanaoipinga wanasema kanuni zake za mapigano hazina kichwa wala miguu: shujaa anakatwa upanga mara kumi na bado kasimama, anaporomoka jabalini anajikung'uta vumbi, halafu anapumzika usiku mmoja na kuamka mzima kana kwamba hakuguswa. Mifano yao ni sahihi. Kipimo chao ndicho kibovu.

Wao wanauliza kama vita vya mezani vinafanana na vita vya kweli. Kwa kipimo hicho hata bao halisalimiki, maana hakuna awezaye kueleza kwa nini kete zilizoliwa zinageuka kupigana upande wa aliyezila. Swali linalofaa ni hili: kanuni inamsukuma mchezaji aamue nini? Ikimfanya achague kile ambacho mpiganaji mwenye akili timamu angechagua, ina mantiki hata kama hesabu yake ni ya mkato. Ikimlipa kwa upuuzi haina mantiki, hata ikijazwa majedwali kurasa ishirini.

Tuanze na alama za uhai, yaani namba inayopungua kila mtu anapopigwa mpaka ikifika sifuri anaanguka, kwa kuwa ndizo zinazopigiwa kelele zaidi. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha Chainmail, kanuni za vita vya vinyago vya askari. Humo shujaa alihesabiwa sawa na askari wanne, na ili afe ilibidi apate mapigo manne ya kuua ndani ya raundi moja. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, hesabu ikawa nyepesi zaidi: mtu wa kawaida ana uhai wa dadu moja ya pande sita, na silaha yoyote, iwe kisu au shoka, inaumiza kwa dadu moja ya pande sita. Kwa wastani, pigo moja kwa mtu mmoja. Shujaa wa dadu nne alikuwa watu wanne ndani ya ngozi moja. Alama hizo hazikuwa damu wala nyama. Zilikuwa idadi ya askari, na kamanda yeyote anaelewa kwa nini kikosi cha wanne hakianguki kwa pigo moja.

Mwaka 1975 nyongeza iliyoitwa Greyhawk ikaipa kila silaha dadu yake, na tangu hapo alama zimekuwa zikipanda toleo hadi toleo. Kwa kanuni za 2014, mpiganaji wa ngazi ya 10 mwenye ustahimilivu wa 16 (kipimo kinachompa nyongeza ya 3) ana alama 94: 13 za ngazi ya kwanza na 9 kwa kila ngazi kati ya tisa zinazofuata. Upanga mrefu mkononi mwa adui mwenye nguvu za 16 unaondoa dadu moja ya pande nane jumlisha 3, wastani 7.5, kwa hiyo yanahitajika mapigo 13 kumlaza chini. Raia wa kawaida ana alama 4. Huyo anaanguka hata dadu ikitoa 1.

Gygax mwenyewe alilieleza hilo katika mwongozo wa 1979: sehemu ndogo tu ya alama ni mwili, nyingine ni ustadi, bahati na ulinzi wa miungu. Maelezo yanakubalika, mradi meza iyashike toka mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kwamba kanuni zenyewe haziyashiki. Dawa ya mganga ya ngazi ya kwanza, kwa kanuni hizo za 2014, inarudisha dadu moja ya pande nane jumlisha nyongeza ya kipaji chake, tuseme 3, wastani tena 7.5. Dawa hiyo inamwinua raia anayekata roho akawa mzima kabisa, lakini kwa shujaa wa alama 94 haifiki hata sehemu ya kumi. Kama kilichompungukia shujaa ni bahati tu, inakuwaje kurudisha bahati kunagharimu dawa nyingi kuliko kuziba tumbo lililopasuliwa? Na mshale wenye sumu je? Sumu haifanyi kazi mpaka mshale upate shabaha, kwa hiyo ule mshale ulioondoa "bahati" umefika damuni vilevile.

Hata hivyo, nikitumia kipimo changu, alama za uhai zinafaulu pale zilipokusudiwa. Ukiwa na 94 unathubutu kukabili majambazi watano. Zikibaki 20 unatafuta mlango. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili. Zinafeli pale hatari isipokuwa pigano. Kuanguka kunaumiza dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10, na mwisho wake ni dadu 20, yaani futi 200, kama mita 61. Wastani wa dadu 20 ni 70. Mpiganaji wetu anajirusha kutoka mnara wa ghorofa ishirini, anabaki na 24, safari inaendelea. Mchezaji anayejua hesabu hana haja na ngazi. Mbaya zaidi ni kisu: ukimchoma shujaa aliyelala, kanuni zinarudufisha dadu za kisu, unapata dadu mbili za pande nne jumlisha 3, wastani 8. Anaamka na 86 na hasira juu.

Marekebisho ya hapo ni mafupi. Anayeanguka zaidi ya futi 50 arushe dadu ya pande 20 na kuongeza nyongeza yake ya ustahimilivu (mwenye 16 anaongeza 3). Asipofika 15, alama zake ni sifuri, awe nani awe. Na aliyelala, aliyefungwa au aliyewekewa kisu shingoni asihesabiwe alama kabisa. Mwenye kisu akiamua, imekwisha. Wachezaji wataanza kuweka mlinzi usiku bila kuambiwa, na mateka atakuwa mateka kweli.

Sasa deraya, yaani vazi la chuma la vita. Wakosoaji wanasema chuma hakikufanyi ukwepeke, kinapunguza maumivu, kwa hiyo kiwango cha kinga cha Dungeons & Dragons, yaani namba ambayo dadu ya mshambuliaji pamoja na nyongeza yake lazima ifikie ili apate shabaha, kimewekwa kinyume. Hapa kihesabu hawana kesi kubwa. Mshambuliaji mwenye nyongeza ya 5 akimkabili mwenye kinga 12 anahitaji 7 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 70; akimkabili mwenye deraya kamili ya kinga 18 anahitaji 13, yaani asilimia 40. Zidisha kwa 7.5: wa kwanza anapoteza 5.25 kwa kila shambulio, wa pili 3. Ni sawasawa na deraya inayomeza asilimia 43 ya kila pigo. Kwa wastani ni kitu kilekile, na umeokoa hesabu ya kutoa.

Kinachopotea ni uamuzi. Ulaya ya karne ya 15 upanga haukukata deraya ya chuma, na kila mpiganaji alilijua hilo. Michoro ya Hans Talhoffer, mwalimu wa upanga wa Ujerumani, inaonyesha watu wameshika upanga katikati ya ubapa kwa mkono mmoja ili kuuongoza kama mkuki mfupi hadi kwapani au usoni. Wengine wameugeuza kabisa wanapiga kwa mpini kama rungu. Wengine wameuacha wanakabana mieleka. Mbele ya deraya, mtu alibadili namna ya kupigana. Katika Dungeons & Dragons ya leo hakuna sababu kubwa ya kubadili. Unarusha dadu ileile, unatumaini 13.

Linganisha na GURPS, mchezo mwingine wa kuigiza uliotolewa na Steve Jackson Games mwaka 1986. Mtu mwenye nguvu za wastani, 10, anapiga kwa upanga dadu moja ya pande sita jumlisha 1. Juu kabisa ni 7. Deraya ya chuma ya kiwiliwili inameza 6. Ina maana dadu isipotoa 6 hakuna kinachopenya, na ikitoa ni alama 1 tu. Mchezaji akiona hivyo mara mbili anaanza kuuliza njia nyingine. Ipo: alenge maungio ya deraya, kwa kupunguza 8 kwenye ustadi wake, ambako chuma kinahesabiwa nusu. Au amkumbatie adui amwangushe. Bila kufundishwa historia amefika palepale pa Talhoffer, kwa sababu kanuni haikumwachia njia ya mkato. Hicho ndicho ninachokiita mantiki.

Ila inalipiwa. Shambulio moja la GURPS linataka dadu za kushambulia, dadu za kujikinga, dadu za maumivu, kutoa deraya, kisha kilichobaki kuzidishwa kwa moja na nusu ikiwa ni silaha ya kukata au kwa mbili ikiwa ni ya kuchoma. Na zamu ni sekunde moja. Wachezaji watano na maadui sita kwenye meza wanaweza kumaliza jioni nzima wakipigana sekunde ishirini. RuneQuest, mchezo mwingine, wa 1978, uliobuniwa na watu waliokuwa wakipigana kwa panga za mti na ngao wikendi, una kasoro nyingine ya aina hiyo: mshambuliaji anarusha asilimia, mlinzi naye anarusha asilimia. Wakiwa wanagenzi wa 40 kwa 40, yaani kila mmoja hufaulu mara 40 kati ya 100, shambulio linapita mara 24 kati ya 100. Wakiwa mabingwa wa 90 kwa 90, linapita mara 9 tu. Pigano la mabingwa linageuka kuwa sauti ya vyuma na watu kupiga miayo. Baadhi ya wabunifu waliofuata walitibu tatizo la namna hiyo kwa kumruhusu bingwa apunguze kiwango chake cha ustadi ili amvuruge mlinzi. Meza isiyo na kanuni hiyo inapaswa kuiazima.

Nikiambiwa nitaje kanuni moja ya kufutwa leo hii, ninayo bila kusita, na wala haimo katika vitabu vya Dungeons & Dragons. Katika meza nyingi kuna desturi kwamba anayetoa 1 kwenye dadu ya pande 20 anaangusha silaha au anajikata mwenyewe. Kitabu kinasema 1 ni kukosa, basi. Mwanagenzi anashambulia mara moja kwa raundi ya sekunde 6, kwa hiyo anaaibika mara moja kati ya 20. Mpiganaji wa ngazi ya 20, kilele cha mchezo, anashambulia mara nne; nafasi ya kutoa angalau 1 moja katika raundi ni karibu asilimia 19. Kwa dakika moja ya mapigano mwanagenzi anarusha mara 10, na nafasi ya silaha kumponyoka ni asilimia 40. Bingwa anarusha mara 40. Nafasi yake ni asilimia 87. Kadiri unavyojifunza ndivyo unavyojikata. Hakuna mafumbo wala ngano zinazoweza kuitetea kanuni hiyo, maana inamwambia mchezaji kwamba njia ya kuwa salama ni kubaki mjinga.

Wanaopenda vioja vya namna hiyo waangalie dadu tatu za pande sita zinavyojumlishwa katika GURPS, ambako jumla ndogo ndiyo nzuri. Mwenye ustadi wa 7 hadi 15 anaharibikiwa vibaya akitoa 17 au 18, mara 4 kati ya 216. Akifikisha ustadi wa 16, ni 18 pekee, mara 1 kati ya 216. Anayeng'ang'ania dadu ya pande 20 basi ahesabu dadu ya shambulio la kwanza tu la kila raundi. Angalau bingwa na mwanagenzi watakuwa sawa.

(Kwa kupita: mashambulio manne hayohayo yakiwa ya upinde ni mishale 40 kwa dakika. Wapiga upinde wa Kiingereza wa vita vya karne ya 14 na 15 hukadiriwa 10 hadi 12. Kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1970, ambazo raundi yake ilikuwa dakika nzima, ziliruhusu miwili. Hakuna toleo lililopatia kwa wapiganaji wote, ingawa mpiga upinde wa kawaida wa leo, mshale mmoja kila sekunde 6, yuko karibu kabisa na ukweli.)

Zamu nazo zina mushkeli. Kila mtu anatenda huku wengine wamegandishwa, na wote wanahesabiwa ndani ya sekunde 6 zilezile. Mzaha wa zamani wa wachezaji unaonyesha nini kinatokea ukiichukua kanuni hiyo kama fizikia. Panga wakulima 1,000 kwa mstari, kila mmoja futi 5. Kila mmoja anajiweka tayari: nikipewa mkuki, nampa wa pili yangu. Mkuki unapita futi 5,000, sawa na mita 1,524, ndani ya raundi moja. Ni mita 254 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 900 kwa saa, kasi ya ndege ya abiria. Mkulima wa mwisho akiutupa unaumiza dadu moja ya pande sita, kama mkuki mwingine wowote. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2024 umeandika waziwazi kwamba kanuni si fizikia, na mimi nakubaliana nao: wakulima elfu si uamuzi anaoufanya mpiganaji, ni uamuzi wa mwanasheria.

Kasoro halisi ya zamu ni ndogo na inauma zaidi. Mtu anafungua mlango, anakimbia futi 30, anamkata mchawi aliyekuwa akisoma azima, na mchawi anaendelea na azima yake zamu inapomfikia kwa kuwa alikuwa "hajaanza". Toleo la 1989 la Dungeons & Dragons lilikuwa na dawa: kila mtu anatangaza atakachofanya kabla dadu za kutangulia hazijarushwa, kisha mambo yanatekelezwa kwa mpangilio, na mchawi aliyepigwa kabla ya kumaliza anapoteza azima. Kutangaza kunaongeza dakika moja au mbili kwa raundi. Faida yake ni kwamba kila mmoja anaamua bila kujua mwenzake atafanya nini, na hapo wachezaji wanaanza kusimama mbele ya mchawi wao badala ya kumwacha peke yake nyuma.

Jambo ambalo kanuni za alama za uhai zimepatia bila kusifiwa ni kukusanya nguvu. Kwa kuwa adui aliyejeruhiwa anapiga kama mzima hadi alama ya mwisho, hesabu inasema umalize mmoja mmoja. Chukua maadui wanne wa alama 20, na kundi linaloondoa 20 kwa raundi na kuanza mbele. Likimwandama mmoja mmoja, linapokea mashambulio 3, kisha 2, kisha 1: jumla 6. Likigawa 5 kwa kila adui, linapokea 4, 4, 4, jumla 12, kabla wote hawajaanguka raundi ya nne. Mara mbili. Makamanda wanalijua hilo, na Mwingereza Frederick Lanchester aliliwekea milinganyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Lakini upande wa pili wa kanuni hiyohiyo ndio unaozalisha tabia ya kipuuzi kuliko zote mezani. Rafiki yako ana alama 8, na zimwi linapiga wastani 13. Ukimtibu sasa kwa 7 anafika 15, anapigwa, anabaki na 2. Ukimwacha apigwe kwanza, anaanguka sifuri, zile 5 zilizozidi zinapotea bure, kisha unamtibu kwa 7 na anainuka na 7, akiwa na nguvu zote za kupiga. Kwa hiyo mganga mwenye hesabu anasubiri wenzake waanguke. Mtu anaanguka na kuinuka mara nne katika pigano moja kama mlevi kwenye mtumbwi. Dawa yake tayari imo katika kanuni za 2024: uchovu, ambao kila ngazi inapunguza 2 kwenye kila dadu ya pande 20 na futi 5 za mwendo, na ngazi ya sita ni kifo. Mpe ngazi moja ya uchovu kila anayeinuka kutoka sifuri. Kupumzika usiku kunaondoa moja tu. Mganga atatibu mapema, na kundi lililoangushwa mara mbili litarudi nyumbani badala ya kufungua mlango unaofuata.

Kwa wasomaji wanaotaka kuyajaribu haya bila kununua vitabu vya dola hamsini: Januari 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, waliziachia kanuni za msingi za toleo la 2014 chini ya leseni ya Creative Commons. Ni halali kuzipakua, kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzirekebisha na hata kuziuza, mradi utaje chanzo kwa maneno wanayoyataka. Dadu ya pande 20 isipopatikana dukani, vipande 20 vya karatasi vyenye namba ndani ya kofia vinatosha, ila kila kipande kirudishwe kofiani kabla ya kuchomoa kingine. Usiporudisha, namba zilizokwisha kutoka hazitoki tena, na mwenye kumbukumbu nzuri atajua lini ashambulie.

Na kama yupo msomaji mwenye dawa bora ya lile pigano la 90 kwa 90, namwomba ailete kwenye ukurasa huuhuu, akiambatanisha hesabu.

Mwendesha mchezo,
Dar es Salaam